Akrabu, Popote Alipo

Jumatatu, 6 Mei 1985

Shule zimefunguliwa, na mvua imefunguliwa pamoja nazo. Mhariri amenirudishia makala yangu ya nne mwaka huu, ile ya karakana. Kila shule inatakiwa iwe na karakana kabla watoto wa darasa la nane hawajafanya mtihani wao mpya, na wazazi wanaambiwa walete matofali. Mimi niliuliza swali moja tu: mtoto aliyekuja shule bila kunywa chai atasukuma randa kwa nguvu zipi? Mhariri asema nipunguze ukali. Basi nimenunua daftari hili. Humu hakuna mhariri.

Kwa kuwa daftari halinijui: mimi ni Mahfudha, mwalimu wa Kiswahili, umri miaka arobaini na sita, mkazi wa Malindi. Mume wangu ni Saad, fundi saa, anayefanya kazi barazani nyuma ya soko. Mji mzima wamwita Saad Saa. Jumanne huenda kwao Mambrui kutengeneza saa za huko. Tuna mtoto mmoja, Tumu, ameolewa Mombasa. Kwa hiyo nyumbani mimi ni Mama Tumu na yeye ni Baba Tumu, na tukishaitana hivyo huwa hakuna mengi ya kuongeza. Hatugombani. Nagombana na baraza la mji, na wizara, na wenye mahoteli walioiziba njia ya ufuoni. Nikifika nyumbani nimechoka.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Wanafunzi kumi na tisa kati ya arobaini na wawili. Paa la darasa la sita linavuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua ilitufungia chumba cha walimu tangu saa nane mchana. Mwalimu Jedida wa hesabu, mtu wa Ganze, mcheshi, alitoa redio yake ndogo mkobani, na hapo nikalazimika kusikiliza jambo ambalo kwa miaka mingi nimelikwepa: kipindi cha salamu. Watu wazima hununua kadi, huandika majina ya wanaowasalimu, hubandika stempu, hutuma Nairobi, na baada ya wiki tatu au nne mtangazaji huzisoma kama asomaye orodha ya waliofaulu. Hakuna anayetumia jina lake. Wote ni Simba wa wapi na Malkia wa wapi.

Nilipoanza kusema niliyonayo, Jedida aliinua mkono. "Ngoja, Mwalimu. Huyu wangu."

Mtangazaji akasoma: Kijana wa Zamani, wa Mambrui, anamsalimu Akrabu, popote alipo. Ujumbe: mvua hii ni ileile.

Chumba kizima kikaguna kwa raha. Jedida akaeleza kwamba kwa miaka sita mtu huyu hakosi mwezi, na hamsalimu mwingine ila huyo mmoja. Wengine husalimu ukoo mzima na shemeji wa dereva wao. Akasema mwanamke huyo ana bahati. Nikamwambia pengine mwanamke huyo amekwisha kufa.

"Kama amekufa basi ana bahati zaidi," akasema Jedida. "Mimi ni mzima, na mume wangu akiingia uani husalimu mbuzi kwanza."

Walicheka. Mimi nilirudi nyumbani na hasira iliyotafuta karatasi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeandika kurasa sita kwa pumzi moja. Kichwa: Mapenzi ya Stempu.

Nimesema hivi. Msichana wa mwambao akiolewa, somo wake humfundisha kufukiza nguo za mume kwa udi, kumwaga asmini kitandani, na kuufunga mdomo. Miaka thelathini yeye ndiye mlinzi wa moto, na moto ukizimika huulizwa yeye. Mume hakufundishwa kitu. Kazi yake katika mapenzi ni kurudi nyumbani. Sasa mume huyu amepewa redio, na akituma kadi ya salamu twamwita shujaa. Mwanamume asiyeweza kumwambia mkewe neno jema wakiwa wamekaa mkeka mmoja hulipeleka Nairobi ili lirudi Malindi kwa mawimbi! Hayo si mahaba. Huo ni uvivu uliopata kipaza sauti.

Kisha nimemchukua Kijana wa Zamani awe mfano. Nanakili hapa, kwa sababu mhariri huenda akapunguza:

"Akrabu, kwa wasiojua Kiarabu, ni nge. Tazama jina alilompa mpenziwe. Halafu asema 'popote alipo'. Popote alipo ni maneno ya mtu aliyepoteza mbuzi. Kama ni mkeo, yuko jikoni, inuka ukamwambie. Kama hujui aliko, basi si wako, ni mke wa mtu, na kadi yako ni uzinzi uliobandikwa stempu."

Nilimsomea Saad. Makala zangu zote husikiliza yeye kwanza, miaka yote hii, huku mikono ikifanya kazi. Leo alikuwa akisafisha saa ya kengele ya mtu wa Gongoni, imeingiwa na chumvi. Penye mbuzi alicheka kidogo. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Akrabu ni nge tu?"

Nikamweleza asili ya neno, na nyota za falaki zinazoitwa hivyo, na nikamkumbusha kwamba Kiarabu nilisomeshwa na babu yangu mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi," akasema.

Nikamuuliza makala yenyewe aionaje. Akasema ina nguvu.

Jumatatu, 13 Mei

Nilikuwa na mkutano wa walimu, nikamwomba Saad aipeleke makala posta. Aliondoka nayo asubuhi, na mwavuli wake. Stempu alinunua yeye.

Jumatano, 22 Mei

Ramadhani imeingia jana. Mvua inanyesha tangu daku mpaka futari. Saa yangu na adhana hazijapishana hata dakika. Saa hii alinipa Saad alipozaliwa Tumu. Ni ya aina isiyotiwa ufunguo, alinambia siku ile, wewe vaa tu. Usiku naivua naiweka mezani, na kila alfajiri naikuta pembeni ya kikombe changu. Mwanamume huyu hawezi kukiona kitu mahali pake asikihamishe.

Jumanne, 28 Mei

Mbaazi zimepanda bei. Mtoto mmoja wa darasa la saba ameandika insha ya kurasa tatu bila nukta hata moja. Nimempa alama nzuri kwa pumzi.

Jumapili, 2 Juni

Imetoka! Nzima, haikupunguzwa neno, ukurasa wa nne, na mchoro wa mbuzi.

Asubuhi mwalimu mkuu alituma salamu za pongezi (salamu za mdomo, nashukuru). Kinamama wa chama chetu walinisimamisha njiani, mmoja akaniambia nimeusemea moyo wake. Ya stempu hayakumgusa. Lililomgusa ni lile la mlinzi wa moto. Nilifurahi. Ni kweli nililoandika, na nitaliandika tena.

Nilipita sokoni kununua muhogo wa futari. Barazani kwa Saad walikaa watu sita saba waliofunga, wanaotafuta cha kupitishia mchana, na muuza nyama alikuwa akisoma makala yangu kwa sauti. Kila akifika "kama hujui aliko, si wako" walirudia wote pamoja kama waitikiao dua. Saad alicheka nao. Alitoa lenzi jichoni akaifuta kwa upindo wa shati, akaendelea kuifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji lenzi.

Jumanne, 4 Juni

Saa yangu imesimama. Nilichelewa darasa la nne nikaona haya. Nikamwambia Saad. Akasema iache hapo, nitaitazama.

Jumatatu, 10 Juni

Saa bado iko pale nilipoiacha. Mke wa fundi saa anauliza watoto wa watu saa ngapi! Mganga hajigangi, najua, lakini mkewe je?

Alhamisi, 13 Juni

Mvua imepungua, matope hayajapungua. Jedida aliwasha redio saa ya salamu, akasikiliza mpaka mwisho, akaizima kwa kidole kimoja.

"Kijana wa Zamani hayupo," akasema.

Nikasema huenda mwezi huu atachelewa. Akasema hakupata kuchelewa, hata ule mwaka mgomo wa posta ulipokuwapo. Akasema nimemfukuza. Nikamjibu kwamba mtu anayefukuzwa na ukurasa mmoja wa gazeti hakuwa na mapenzi ya kuhesabu.

"Mwalimu, wewe unajua kusema," akasema Jedida, akikusanya vitabu vyake. "Mimi sijui. Lakini jambo lile halikuwa na ubaya kwa mtu yeyote, na mwezi mzima lilinipitisha."

Jibu nilikuwa nalo, kengele ikalia.

Jumapili, 16 Juni

Futari ya kimya. Nilimhadithia Saad habari za karakana, jinsi matofali yalivyoyeyuka kwa mvua. Akasema pole. Nilitambua kwamba ni neno la kwanza tangu adhana. Nikajaribu kukumbuka kama jana lilikuwapo la pili.

Alhamisi, 20 Juni

Idi. Tulikwenda Mambrui kwa dada yake, Bi Chiku, mjane, mwenye ulimi ambao ungekuwa na kalamu mimi ningekosa kazi. Pilau nzuri. Saad alikaa na wanaume nje. Tulipokuwa tukiosha vyombo Chiku aliniambia kwamba makala yangu amesomewa.

Nikamuuliza imemfurahisha?

"Wifi yangu, mimi sijui kusoma, nina masikio tu. Nimesikia kuna mtu alikuwa akipiga hodi, miaka, kwa adabu. Na mwenye nyumba akatoka akamtukana, akidhani ni mwizi."

Nikamuuliza anamsema nani. Akasema anasema mtu wa Mambrui, kwani hakuandika mimi mwenyewe kuwa ni wa Mambrui? Kisha akanipa sufuria niisugue.

Njiani tukirudi nilimuuliza Saad kama anamjua huyo Kijana wa Zamani, maana kijiji chenyewe si kikubwa. Akasema alimjua.

Jumatatu, 24 Juni

Bado sina saa. Sitamwomba tena.

Alhamisi, 27 Juni

Naandika kwa mpangilio, nisije nikatangulia.

Leo nilikuwa na mkutano wa walimu wa Kiswahili Kilifi. Niliichukua saa. Nilikusudia kumpa fundi mwingine, mbali na Malindi, ili isisemwe mjini kwamba Saad Saa kashindwa kumtengenezea mkewe. Mkutano ulipokwisha nilielekezwa kwa Mzee Kavumbi, Mgiriama, mkongwe, ana meza yake nje ya duka la vitambaa. Nilimwamkia, nikakaa kwenye benchi.

Aliifungua nyuma kwa kisu kidogo, akaisogeza kwenye mwanga, akaiinamia. Nikadhani ni mbaya.

"Mama, hii ina mwenyewe," akasema. "Njoo uone." Akanionyesha upande wa ndani wa mfuniko. Kulikuwa na mikwaruzo midogo, iliyopangwa kama nyuzi za kitana. Akanieleza kwamba fundi akiifungua saa kuisafisha huacha alama yake humo, ili siku nyingine ajue. Akaihesabu kwa ncha ya kisu. Ishirini na miwili, ya mkono uleule: mmoja kwa kila mwaka tangu nipewe. "Saa za mawaziri hazioshwi hivi. Ni nani huyu?"

Nikasema ni fundi wa Malindi. Nikamuuliza ugonjwa wake.

"Haina ugonjwa. Haijatiwa ufunguo."

"Hii haitiwi ufunguo," nikasema.

Alinitazama kama mimi ninavyomtazama mtoto aliyeandika kitabu ni kitenzi. "Nani kakwambia? Saa hii lazima itiwe kila siku ya Mungu. Ukilala siku moja, kesho yake imesimama. Kwani imekuwa ikienda vipi?"

Akili ilirudi nyumbani. Niliona kikombe cha chai na saa pembeni yake. Miaka ishirini na miwili ya alfajiri.

Mzee akazungusha kile kijifungo cha ubavuni, taratibu, akaipeleka sikioni, akaridhika. "Haya, yenda. Ngoja niirekebishe majira tu. Akrabu hii ndefu iko sawa, hii fupi imelegea kidogo."

Nikamuuliza ameiitaje hiyo fupi.

"Akrabu." Akaigusa kwa ncha ya kisu. "Nyinyi walimu mwaita mishale. Sisi mafundi, tangu kale, hizi ni akrabu."

Hakutaka malipo. Nadhani niliaga.

Stendi, gari la Malindi lilikuwa halijajaa. Nilikaa juu ya jiwe, na nikiwa pale nilikumbuka. Ilikuwa mvua kubwa ya sitini na moja, barabara ilipokatika mtoni Sabaki na mimi nafundisha Mambrui, bado mwali, sithubutu kuonekana nimesimama na kijana. Baba alikuwa na saa iliyoharibika kila wiki. Niliiharibu mimi. Niliipeleka kwa fundi mpya, Saad, na ndani ya mfuniko, karatasi ndogo kama ukucha. Na saa iliporudi, karatasi nyingine. Tuliandikiana msimu mzima. Niliyoyaandika mimi sikuyaweka, mtu haweki barua zake mwenyewe. Lakini leo moja ilinirudia kichwani nzima, kwa mwandiko wangu wa umri wa miaka ishirini na miwili: Wewe saa, mimi akrabu. Bila mimi huna la kusema.

Nilidhani ni mahaba. Nilikuwa nimeandika ratiba ya ndoa yetu.

Na nilikuwa nalijua neno hilo! Nilijua nge, nilijua nyota, nilijua mizizi yake ya herufi nne. Elimu yote ya babu niliisimamisha mlangoni, na lile neno lenyewe likashindwa kuingia.

Ijumaa, 28 Juni

Saad alirudi kutoka msikitini, tukakaa kula. Sikuweza kungoja amalize.

"Kijana wa Zamani ni nani?"

Aliweka tonge chini. Aliiona saa mkononi mwangu inakwenda, akajua nimefika wapi. "Alikuwa mtu wa Mambrui," akasema.

Nikamuuliza kwa nini redio. Mimi niko hapa, mkeka mmoja, kama nilivyoandika.

"Hapa nikianza sentensi unaimalizia. Redioni huwezi."

"Lakini ulijua sisikilizi."

"Nilijua. Ndiyo maana nikathubutu."

Hapo nilikasirika, na hata sasa niandikapo naamini nina haki. Nilimwambia huo ni uoga. Miaka sita amezungumza na mimi mahali nisipoweza kumjibu, mji mzima ukisikiliza ila mimi, mpaka Jedida wa Ganze anajua mume wangu anachokumbuka mvua ikinyesha. Ameniibia zamu yangu. Na saa! Kwa nini anidanganye kuhusu ufunguo? Ningeitia mwenyewe, mimi si kiwete.

"Kweli," akasema. "Nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho hukifanyi wewe vizuri zaidi."

Kugombana na mtu anayesema kweli ni kazi ngumu. Nikamuuliza, basi kwa nini aliipeleka makala posta, hali anajua yamtukana yeye.

"Nilitembea polepole. Nilisimama pale kwa muuza madafu, nikangoja. Nilidhani utakumbuka, unikimbilie kabla sijafika."

Sikukumbuka. Nilikuwa kwenye mkutano, nikizungumzia matofali.

Samaki alipoa. Kisha akasema, bila hasira, akiangalia sahani: "Yote uliyoyaandika nayakubali, Mama Tumu. Uvivu, stempu, yote. Moja tu silikubali. Sikupoteza mbuzi. Nilikuwa nakuona hapo, unaingia na madaftari, unatoka na madaftari, unagombana na Nairobi. Nikasema popote alipo kwa sababu sikujua uko wapi."

Alinawa mikono. Akasema paa la Chiku linataka makuti mapya kabla ya vuli, atakwenda kukaa Mambrui siku tatu nne, atakuwa akija dukani kutoka huko.

"Basi," nikasema mimi.

Jumatatu, 1 Julai

Nimemwandikia mhariri sahihisho: akrabu si nge tu, ni mshale wa saa pia, mwandishi amekosea na anaomba radhi kwa aliyehusika.

Kisha nilikwenda duka la vitabu nikaomba kadi ya salamu. Mwenye duka alinitazama, akaitazama kadi, akanitazama tena. "Umeingia chama, Mwalimu?" Nikamwambia anipe mbili, naweza kukosea.

Nimekosea zote mbili, nikarudi kununua ya tatu. Kurasa sita za kumtukana mtu ziliandikwa kwa pumzi moja. Kadi ina mistari mitatu: anayesalimu, anayesalimiwa, ujumbe. Anayesalimu nimeandika Akrabu wa Malindi. Anayesalimiwa, Kijana wa Zamani. Popote alipo sikuandika. Najua aliko, yuko juu ya paa la Chiku. Ujumbe umenichukua siku nzima na umeishia neno moja: Nipo.

Sikumtuma mtu posta. Nimekwenda mwenyewe.

Alhamisi, 4 Julai

Siku tatu nne zimekwisha. Makuti, asema, yamechelewa kutoka Gongoni.

Jumanne, 9 Julai

Nilisahau kutia ufunguo. Saa ilikuwa imesimama usiku, saa tano na nusu; asubuhi nikaiamini, nikaachia watoto kabla ya wakati. Walishangilia.

Alhamisi, 11 Julai

Nilisikiliza kipindi chote na Jedida. Hakuna. Hakuniuliza kwa nini nasikiliza, akanisogezea kiti.

Jumatatu, 15 Julai

Mhariri amejibu kwa mistari miwili. Gazeti halisahihishi mzaha, na wasomaji waliupenda. Aomba makala nyingine ya aina ileile.

Alhamisi, 18 Julai

Hakuna. Baridi ya kusi imeshika. Nilipita barazani kwa Saad, nikamsalimu, akanisalimu. Akaniuliza paa letu halivuji? Nikasema halivuji. Watu wakatazama pembeni, kwa heshima.

Jumapili, 21 Julai

Nyumba ikiwa na mtu mmoja mtu husikia mengi. Nimegundua kwamba bawaba ya mlango wa uani hailii. Milango yote ya mtaa huu hulia, chumvi ya bahari. Nikaitazama. Imetiwa mafuta ya saa.

Alhamisi, 25 Julai

Hakuna. Jedida asema wiki nne ni kawaida. Nimeanza kuelewa mtu anavyoweza kungoja hivi miaka sita, na bado sielewi anavyoweza kungoja bila kusema.

Alhamisi, 1 Agosti

Kesho shule zinafungwa. Nilimwachia Jedida darasa, nikaenda barazani kwa Saad kabla ya saa nane na nusu. Alikuwa peke yake, lenzi jichoni, saa ya mkono ya mtu imefunguliwa mbele yake, redio kando inasema. Nilimwamkia, nikakaa benchi la wateja. Hakuuliza nimekuja kwa nini. Paa la Chiku lilikwisha kuezekwa wiki mbili zilizopita, muuza nyama aliniambia, na yeye anajua kuwa najua.

Salamu zikaanza. Simba wa huku, Malkia wa kule. Tulikaa kama watu wanaongoja majibu ya daktari. Kisha nikasikia.

"Akraba wa Malindi," mtangazaji akasoma, kwa furaha, "wanamsalimu Kijana wa Zamani, popote alipo. Ujumbe wao: Tupo."

Akraba! Aliona Akrabu akaisoma Akraba: ndugu, jamaa, ukoo. Popote alipo aliliongeza mwenyewe, kwa mazoea. Halafu, kwa kuwa amesema ndugu wengi, akanirekebishia sarufi; nipo yangu akaifanya tupo. Neno moja niliandika, na hata hilo halikufika. Mkono uliingia mkobani kutafuta kalamu, nikasema nitamwandikia leo hii, mtu hawezi kulipwa kwa kusoma na asisome.

Saad hakuinua kichwa. "Mwache," akasema. "Hakukosea sana."

Nikangoja aeleze: ni lile la ndugu, au lile la tupo? Nilikuwa na maswali manne na hoja tatu, zimejipanga. Akageuza skrubu ndogo kuliko punje ya mtama.

Nikavua saa yangu. Nilikuwa sijaitia tangu asubuhi, haraka ya kufunga shule. Nikaanza kuizungusha pale pale mbele yake, mara kumi, ishirini, sikuhesabu, kwa hasira ya mtangazaji na ya yote.

Alikuwa hanitazami, lakini anaisikia. Aliunyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi, hakunigusa.

"Basi, Akrabu," akasema. "Ukizidisha itakatika."

Nikaacha.